Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wetu wa hesabu anahamia kwa binti yake, mbali. Jumamosi anatuaga. Bikari yake ya mbao, ile ya kuchorea duara ubaoni, atampa mwanafunzi wa zamani atakayemletea namba nzuri kuliko zote. Lazima iwe yangu! Miaka arobaini nashona suruali za watu, na bado nikishika chaki nasikia bikari ile ikikwaruza ubao.

Jumanne, 4 Juni
Nimeipata. 1,000,001! Moja huku, moja kule, sifuri tano katikati, zimebanana kama sisi dawati la nyuma. Naapa ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimeanza kuijaribu. Mbili, imekataa. Tatu, imekataa. Saba, imekataa. Suruali ya mteja imelala bila pindo.

Alhamisi, 6 Juni
Mfamasia amepita. Ndiye niliyekaa naye dawati moja, akachora mpaka kwa wembe ili kiwiko changu kisivuke. Kauliza nampelekea Mwalimu nini. Nikasema shati. Akili ni nywele! Yeye kadai hana namba yoyote. Maskini.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefika mia. Zote zimekataa! Vidole vimekufa ganzi. Mke wangu kashauri nisogee kidogo mbele. Nimemwambia mia ni mia, mtu hupumzika.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeisoma mbele ya wote. Mwalimu akafumba macho.
“Tasa gani hii, mwanangu? Ina watoto wawili: mia moja na moja, na elfu tisa mia tisa na moja.”
Hatua moja tu! Mwalimu akacheka mpaka miwani ikadondoka, kicheko kilekile cha darasa la saba. Nikasahau kuona haya. Nilitamani kengele isilie.
Kisha Mfamasia, mnafiki yule, akatoa 142,857. Izidishe kwa mbili, kwa tatu, hadi sita: tarakimu ni zilezile, zimehama viti tu. “Kama sisi,” akasema.
Kapewa bikari. Nimetokwa na machozi. Ya hasira, hasa.

Jumapili, 9 Juni
Mwalimu ameondoka. Kasema anapenda barua. Ataipata! 10,000,001. Tasa, naiona usoni. Safari hii sipotezi muda na vinamba vidogo, naanzia mia moja na moja. Mke wangu, akimenya viazi, kasema kaigawa kwa kumi na moja na hakikubaki kitu.
Nimemwomba asinivuruge.