Chavua ya Babu Yangu

Jumatatu, 3 Juni 1996

Hatimaye kimetokea kitu Kyela! Amekuja daktari wa chuo kikuu, si wa sindano. Ni mama wa Kihaya, jina lake Restituta. Kwa siku kadhaa sasa anachimba tope chini ya kile kiziwa cha duara, njia ya Ikolo. Mji mzima unasema anatafuta dhahabu ya Wajerumani. Wajinga. Mimi nilimuuliza mwenyewe alipoingia dukani kununua betri.

Akasema anatafuta chavua, yaani vumbi la maua. Kila mwaka miti na majani hupukutisha chavua, upepo huipeleka ziwani, inazama, inafunikwa na tope, na ganda lake haliozi. Tabaka juu ya tabaka. Ukiitazama kwa hadubini unajua enzi zile palikuwa na msitu au nyika, mvua au ukame. Nikauliza, na mazao je? Akasema baadhi ya mazao nayo huacha alama.

Nikafunga duka nikafikiri.

Ijumaa wafanyabiashara wa mchele tunachagua mwenyekiti wa umoja wetu mpya. Siku hizi ni soko huria, kila mtu ananunua mpunga, hata asiyejua kuutofautisha na uwele. Wagombea ni mimi na Zubery, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Mimi nasema babu yangu ndiye aliyeleta mpunga huku, kutoka Kilwa. Zubery anasema ni babu yake, kutoka Pangani. Mashahidi wote wamekufa. Amebaki mmoja: tope!

Jumanne, 4 Juni

Nimempa Daktari chumba cha uani, bure. Mke wangu Mwanaisha akauliza tangu lini mimi natoa kitu bure. Nikamwambia ni kwa ajili ya elimu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi ya ziwani imekwisha. Mabomba yenye tope yamelazwa kwenye mkeka, yamepasuliwa kwa urefu na kufungwa plastiki. Hadubini iko mezani, kioo chake kidogo kinavuta jua la dirishani. Bomba lenye tope la chini kabisa Daktari analifuta vumbi kama mtoto mchanga. Anasema tope lile hajapata kulifikia mtu yeyote.

Nikamuuliza kama mpunga wa babu unaweza kuonekana. Akaanza jibu refu kuhusu ukoo wa nyasi. Nikaitikia kwa kichwa. Mawazo yangu yalikuwa kwenye kiti cha mwenyekiti. Kina mito ya kuegemea.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya vitendo. Nilikwenda mashamba ya Ikolo, kwa wale waliochelewa kupanda. Mpunga wao ndiyo kwanza unatoa maua. Nikakung'uta suke moja moja juu ya karatasi. Sikupata kitu! Maua yenyewe yanafunguka kidogo, yanajifunga. Mama mmoja akanisalimia, ugonile, akauliza kama naumwa.

Narudi nyumbani, naona nini? Mahindi ya Mwanaisha nyuma ya choo. Mbelewele zimesimama, vumbi la njano tele! Poda ni poda. Nikazikata zote.

Daktari alikuwa amekwenda posta. Nikaingia. Ikabaki kuchagua bomba. Hapa ndipo akili inapohitajika. Babu yangu ni mtu wa zamani. Vya zamani viko chini. Basi bomba la chini kabisa! Nikafunua plastiki, nikanyunyiza, nikakoroga na kijiko cha chai ili ikolee. Nikafunga kama ilivyokuwa. Nyuki mwenyewe asingefanya vizuri zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi Daktari alipaka tope kidogo kwenye kioo, akainamia hadubini. Akakaa sana. Akapaka kioo kingine. Alipotoka uani uso ulikuwa umembadilika.

Akasema ameona mahindi. Mimi nikasema, siyo mpunga? Nadhani hakusikia.

Akasema tope la bomba lile liliingia ziwani kabla binadamu yeyote duniani hajapanda hindi moja. Na huku kwetu mahindi yameletwa na meli juzijuzi tu. Nikampa mkono. Nikasema hongera Daktari, Kyela imeishinda dunia!

Hakucheka. Akaeleza kwamba chavua ya kale ni ganda tupu, cha ndani kimekwisha. Hii imejaa, mbichi.

“Haya ni mahindi ya wiki hii, Bwana Mikidadi. Nani ameingia humu?”

Nikasema nilimwona Zubery akizungukazunguka hapa jana mchana. Neno lilitoka lenyewe, na lilitoka vizuri. Zubery akaitwa. Akaja na nusu ya mtaa nyuma yake. Akasema jana alishinda Lyulilo akinunua vyungu vya Wakisi, na vyungu vyenyewe vile pale mlangoni kwake, na mashahidi ndio hao aliofuatana nao garini. Nikaanza kusema huenda alituma mtu. Ndipo Mwanaisha akatokea nyuma ya choo, ameshika bua la hindi lisilo na kichwa.

“Baba Said, nani kanyoa mahindi yangu?”

Watu wote wakatazama kofia yangu. Ilikuwa ya njano.

Nilitegemea Daktari atafoka. Hakufoka. Alikaa juu ya kreti, akaweka mkono juu ya lile bomba. Akasema taratibu kwamba ameomba kazi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na sasa sehemu aliyoitaka kuliko zote haiwezi tena kusema kitu cha kuaminika. Nikahisi kitu kizito tumboni. Nadhani ni yule samaki wa jana, mbasa.

Zubery, mnafiki, akauliza kwa sauti ya pole kama mpunga wa Pangani utaonekana kwenye mabomba mengine. Daktari akajibu kama alivyonijibu mimi Jumanne, kumbe. Chavua ya mpunga inafanana na ya majani ya porini. Hata angeishika ile ya babu mwenyewe, angeandika “nyasi”, basi.

Zubery akaacha kutabasamu. Babu zetu wote wawili ni nyasi.

Ijumaa, 7 Juni

Mkutano baada ya sala. Niliposimama kujieleza, mtu nyuma akavuma kama nyuki. Aliposimama Zubery, wakasema, nyasi zinyamaze. Wakamchagua Elizabeth, anayeuza mchele sokoni hapa Mbugani, aliyesema tu kwamba mizani iwe ya haki na ghala lizibwe panya. Hakumtaja bibi wala babu. Huo ni uongozi gani? Nitakata rufaa.

Jumamosi, 8 Juni

Mwanaisha ametangaza kwamba sili kwake mpaka nitengeneze nilichoharibu. Nikaenda ziwani na njaa, kumsaidia Daktari kuvuta tope jingine.

Tuntufye, mwenye mitumbwi, aliifunga tena miwili pamoja, akatandika mbao juu. Tukaelea katikati. Kazi yangu kamba. Unashusha bomba, unaligandamiza topeni, unalivuta. Halitoki. Unavuta tena. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, kofia ilianguka majini ikazama, labda nayo itakuwa chavua. Mara ya kwanza bomba lilikuja tupu. Daktari akageuza uso akatazama mlimani. Tuntufye akasema turudie, na mimi, sijui kwa nini, nikasema turudie.

Jua lilipoanza kuteremka, likatoka limejaa. Tope jeusi, kisha la kijivu, kisha mistari myembamba kama kitambaa cha kikoi. Lilinuka yai bovu. Daktari akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye tope. Nami nikacheka. Tuntufye akamshukuru kila mtu, ndaga fijo, hata mimi.

Usiku nimekula wali.

Jumatatu, 10 Juni

Daktari ameondoka. Nilimsindikiza stendi. Mabomba hakuniachia niyaguse, nikabeba begi la nguo. Kwa adabu nikauliza tope jipya linasemaje. Akafurahi. Akasema chini kabisa, kwa kuchungulia tu, ameona chavua ya miti ambayo leo inaota juu sana milimani, kwenye ukungu, ambako watu hutoka na makoti asubuhi. Maana yake zamani bondeni hapa palikuwa na baridi.

Baridi! Kyela! Nikauliza kama inaweza kurudi. Akasema hali ya hewa imebadilika mara nyingi na itaendelea kubadilika. Akaanza kutaja maelfu ya miaka, lakini basi likapiga honi. Niliyosikia yanatosha.

Nimeuza mchele wote ghalani. Jioni hii lori limeshusha mabelo ya makoti na masweta ya mitumba kutoka Mbeya. Duka limejaa mpaka kwenye dari. Mwanaisha amekaa mlangoni anajipepea kwa kawa, hasemi nami. Ng'ambo ya barabara Zubery anauza maji ya barafu, watu wamempangia foleni, na ananipungia mkono.

Maskini. Hajui lolote. Atatetemeka!