Filamu ya Saba Iliyoko Kimuli

Jumatatu, 11 Novemba

Sita ninazo. Ya saba iko Kimuli kwa Telesfori, na Telesfori anainyolea ndevu!

Nimeiona leo kwa macho yangu. Imechomekwa kwenye mti wa zizi, povu la sabuni limeikaukia. CD ya Bwana Ottorino Bellacroce, bingwa wa filamu za kutisha huko Italia, imegeuzwa kioo cha mfuga ng'ombe. Yesu na Maria!

Yule mhandisi wa maji Mwitaliano alipoondoka hapa Kihanga aligawa vitu vyake. Mimi niliyekuwa mpishi wake nilipata sita pamoja na deki. Telesfori aliyekuwa akimletea maziwa akapewa hiyo moja. Hujui hata kama alishukuru.

Najua watu wanasema. Mwenyekiti wa jumuiya, na filamu za damu! Hawajazitazama. Kila moja ina kanisa, ina kengele, ina mishumaa, na mwenye dhambi hafiki mwisho. Mafundisho gani yanazidi hayo? Kiitaliano sikijui, basi nimezibatiza mwenyewe: Ya Mtawa na Shoka, Ya Glovu Nyeusi, Ya Mjane wa Kisimani, na ndugu zao. Hiyo ya saba picha yake ndogo iko nyuma ya makasha yote. Mwanamke wa koti la njano, makaburini, kashika taa. Anammulika nani? Najiuliza hata katikati ya rozari. Nisamehewe.

Nilimwomba Telesfori aniuzie. Akacheka mpaka ng'ombe wakageuka kututazama. Akasema siku hizi wakulima wa ndizi tumechoka kuuza mikungu, tunataka kununua nyuso za watu.

Jumanne, 12 Novemba

Mpango umenijia wakati wa sala ya asubuhi, kwa hiyo umetoka juu. Anataka kioo? Apewe kioo!

Mke wangu Eustadia alikuwa shambani. Nikachukua kioo chake kirefu, kile cha harusi yetu, nikapanda nacho pikipiki nimekikumbatia kama mgonjwa. Telesfori alifurahi sana. Akakiegemeza kwenye ua wa zizi akijaribu, kabla ya kunikabidhi CD. Hakumaliza hata shavu moja. Dume lake likaja, likaona dume jingine linalitazama vibaya.

Kishindo kimoja tu.

Telesfori, povu shavuni, akaniuliza kwa nini nimemletea dume lake mgeni bila kupiga hodi. Biashara ikaishia hapo.

Jioni Eustadia akauliza kioo chake kiko wapi. Nikamjibu kiko Kimuli. Si uongo. Sehemu kubwa iko Kimuli.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda kwa baba mdogo, Mzee Mwebesa. Huyu ndiye msemaji wa posa zote za kata hii. Anajua kusema, na anajua zaidi kunywa. Nikamweleza shida yangu yote. Akasema kosa langu ni kutaka kununua. Mfuga ng'ombe hauzi kitu anachokipenda, lakini akiombwa kwa heshima hawezi kukataa. Ng'ombe huombwa! Unakwenda na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, unamsifu mwenye zizi mbele ya majirani zake, unaomba. Akikunyima, ameaibika yeye.

Nikauliza kama CD inaweza kuombwa kama ng'ombe. Baba mdogo akasema inategemea ukubwa wa kibuyu.

Jumamosi, 16 Novemba

Ushindi! Utukufu kwa Mungu juu!

Tulifika na kibuyu kikubwa. Shikamoo zikapita, majirani wakakaa, rubisi ikazunguka. Baba mdogo akasimama. Alimsifu Telesfori, akamsifu baba yake, akalisifu hata lile dume muuaji. Kisha akasema, "Waitu, mkubwa wetu, mwanangu Cassian analala njaa. Moyo wake hauna maziwa. Kuna ndama mmoja zizini kwako anayeng'aa." Mzee mmoja alitokwa machozi, ingawa yeye ndiye aliyekaa karibu na kibuyu.

Telesfori alitazama majirani. Alitazama mti wa zizi. Akainuka, akaichomoa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akaipa na jina la ng'ombe: Bihogo, kwa ule wekundu wa mgongoni mwake. Majirani wakapiga makofi. Akaniambia tangu leo sisi ni ndugu. Nikaitikia haraka haraka. Nani anasikiliza maneno wakati kama ule?

Zote saba! Nani mwingine Karagwe nzima anazo?

Jumapili, 17 Novemba

Misa, chakula, kisha deki. Bihogo ana mikwaruzo. Nilimsugua kwa dawa ya meno, nikamsugua kwa ganda la ndizi, nikamfanyia ishara ya msalaba. Akakubali!

Ni nzuri kuliko zote. Kengele zinalia zenyewe. Watu watano wamekwisha kufa. Mwanamke wa koti la njano anaingia makaburini. Anasikia hatua. Anageuka. Anainua taa, taa inapanda, inafika kidevuni kwa muuaji.

Ikaganda.

Nimejaribu tena na tena. Inagandia palepale. Kidevu nakijua sasa. Kimenyolewa vizuri.

Eustadia amesema nishukuru, nimeipata. Ni kweli. Saba ni saba. Nimezipanga kabatini chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, nikazitazama mpaka uji ukapoa.

Jumatano, 20 Novemba

Telesfori amekuja. Kwa nini, nikauliza. Akashangaa. Amekuja kumtazama Bihogo, aliyetoa ng'ombe ana haki hiyo. Je, anakula vizuri? Analala wapi? Nikamwonyesha kabati. Akasema zizi ni zuri ila limebana.

Akataka kumwona akikamuliwa. Nikawasha. Baada ya Bihogo akataka kuwajua na wengine. Alikaa kutwa nzima! Na haogopi! Mtawa aliponyanyua shoka, yeye alicheka akasema anakata kuni kwa mkono mbaya. Damu akasema ni nyanya, tena hazijaiva. Kwenye Ya Glovu Nyeusi mimi nilihitaji wiki nzima kutambua kwamba muuaji ni daktari. Telesfori alimtaja kabla chai haijapoa. Akasema mtazame mbwa wa pale nyumbani, anamkimbia.

Nimeishi na filamu ile miaka miwili. Mbwa sikuwahi kumwona.

Eustadia alicheka naye vichekesho vyote. Akamkaangia na senene, wale wa kwanza wa msimu, ambao mimi niliambiwa ni wa Jumapili. Nikamwambia mke wangu mgeni hakai sana. Akanijibu kwani huyu ni mgeni, si ndugu yako?

Jumamosi, 23 Novemba

Siku ya majonzi. Naandika kifupi.

Jumuiya yote ilikuwa kwangu kwa sala. Nilikuwa nimetoka kufafanua neno: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Nilifafanua vizuri, mpaka mama mmoja akasema amina mara tatu. Hapo ndipo Telesfori alipoingia uani na majirani zake, na vibuyu viwili. Na msemaji. Msemaji ni baba mdogo Mwebesa!

Nikamvuta kando. Nikamnong'oneza, si wewe uliyenisemea mimi wiki iliyopita? Akasema, "Naam mwanangu, na ulipata. Kwa hiyo unajua nasema vizuri."

Akasimama. Akanisifu. Sikuwahi kujua kwamba mimi ni mtu mkubwa hivyo. Akasema huko Kimuli mti wa zizi unalia kwa upweke. Akasema ndugu yangu Telesfori ametoa mmoja wa pekee, na mimi, mcha Mungu, nina sita waliobaki. Jumuiya nzima ikanigeukia. Yule mama akasema amina ya nne.

Nikatoa zote sita. Kwa mikono miwili. Wakapiga makofi.

Nikamuuliza Telesfori, kwa adabu, atazitazamia wapi, maana hana televisheni. Akasema vijana wake wameanza kuota ndevu.

Jumapili, 24 Novemba

Sikukuu ya Kristo Mfalme. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikiona sabuni tu.

Eustadia amenishauri niache. Amesema nimebaki na kidevu kimoja, nitosheke nacho, nipalilie kahawa. Ushauri wa mwanamke mwema, lakini hajui mipango.

Nimepiga hesabu ya kosa langu. Si kuomba. Kuomba kulifanya kazi! Kosa ni kwamba Telesfori hazipendi filamu, ndiyo maana hana huruma nazo. Akizipenda, atazitunza vizuri, zitabaki safi mpaka nitakapokwenda kuziomba tena. Na ili azipende sharti azitazame. Kwa hiyo kesho nampelekea televisheni yangu na deki, zawadi ya ndugu kwa ndugu. Baba mdogo amekubali kunisemea. Bodaboda nimeshaagiza.

Eustadia ameuliza, Telesfori akizirudisha zote, sisi tutazitazamia wapi.

Nimemwambia asiwe mtu wa imani haba.