Pama Huwekwa Kichwa Chini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ambayo kutokana na udhuru wa yule aliyealikwa nimejiteua kuishika mwenyewe. Waheshimiwa Wajumbe Tisa wa Kamati ya Kudumu ya Ukusanyaji, Uhifadhi na Uvaaji Endelevu wa Kofia za Pama, mlioketi hapa mezani mkiwa mmependeza kupita kiasi. Wake wa wajumbe. Madereva wa wajumbe. Mashemeji wa wajumbe. Nanyi wananchi wenzangu mliosimama kule juani, ambao itifaki imewazingatia ingawa viti vimekwisha: Pama! (Umati: "Juu!" Sauti ya nyuma: "Zetu ziko wapi?") Ahsanteni kwa ari hiyo.

Mtakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita nilisimama papa hapa, kichwa wazi, nikalia kwa uchungu kwamba pama za wazee wetu, kofia za sufu halisi zenye utepe wa hariri na mkunjo wa heshima pale juu, zinaliwa na nondo makabatini, nikawaahidi Jumba la Kofia lenye makabati ya kioo, taa za kisasa, na chini ya kila kofia kibao chenye jina la mwenyewe. (Makofi ya wajumbe.) Nanyi mkazileta! Kwa mujibu wa tathmini shirikishi ya feisi wani, yaani awamu ya kwanza, tulipokea kofia mia nne na kumi na mbili, ambazo asilimia mia moja na tatu zina ukingo. (Kicheko.) Msicheke, takwimu ni taaluma.

Sasa, kabla sijavuta kamba ya pazia hili jekundu mnaloliona nyuma yangu, yafaa nitoe elimu kwa umma, kwani mimi, bila kujisifu, ndiye mtaalamu nambari moja wa pama katika eneo hili, nimehudhuria semina ya siku tatu na chakula nikala. Pama haishikwi kwa mkunjo, vidole huichosha. Hushikwa kwa ukingo. Ikinyeshewa haianikwi motoni. Huachwa ikauke yenyewe, kisha hufukizwa kwa mvuke wa birika na kupigwa brashi laini kuelekea upande mmoja. Na pama, ndugu zangu, haibwagwi mezani kwa ukingo kama sufuria, itapinda. Pama huwekwa kichwa chini, tumbo juu. Wajumbe, tuwaoneshe mfano! (Mwenyekiti anavua pama yake ya kijivu, wajumbe tisa wanavua zao, zote zinageuzwa mezani. Watu wa mstari wa mbele wananyoosha shingo kuchungulia ndani. Mjane wa fundi saa anasogea.)

Mama, rudi nyuma kidogo, maswali ni mwisho. (Mjane: "Hiyo ya kijivu, Mwenyekiti, ngozi ya ndani ina mshono wa uzi mwekundu. Niliushona mimi ilipoachia. Hiyo ni ya marehemu mume wangu.") Mama yangu, nakuheshimu sana, na marehemu aliitengeneza saa yangu hii, mpaka leo haijasimama, lakini uzi mwekundu unauzwa kila duka. Kofia hii iko katika majaribio ya kitaalamu, kubaini kama kichwa cha kiongozi kina madhara kwa sufu. (Mjane: "Mwanangu anaoa Jumamosi. Nimemwahidi ataivaa kofia ya baba yake. Nimekuja ofisini kwako mara sita, mara sita naambiwa iko chini ya kioo.")

Hongera sana kwa harusi! Wananchi, mpigieni mama makofi! (Hakuna anayepiga.) Kamati itampa bwana harusi cheti chenye picha ya kofia, pamoja na kibali cha kuitazama, bila kugusa, Jumatatu saa za kazi. (Sauti: "Harusi ni Jumamosi, wewe! Huna hata haya?") Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji! Tuendelee. Mkakati wetu wa miaka kumi... Mama, ngazi hiyo ni ya itifaki. Mama! (Mjane amepanda jukwaani. Anaichukua kofia kwa ukingo, anaipangusa kwa kiganja kuelekea upande mmoja.) Mnaona? Mnaona anavyoishika? Hayo ni matunda ya mafunzo yangu ya dakika tano! (Mjane: "Alinifundisha mwenyewe, tulipooana." Anashuka nayo.)

Basi, kwa kuwa muda umetutupa mkono, nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza aliyetuazima pazia, ambaye amenitumia ujumbe sasa hivi kwamba analihitaji. Lishusheni taratibu, lisichanike. (Pazia linashushwa. Nyuma yake kuna ukuta wa maegesho ya magari na pikipiki ya mlinzi.) Namshukuru mkandarasi, ambaye hakuwahi kutafutwa, msanifu, ambaye hakuwahi kuulizwa, na jirani yetu, ambaye kiwanja ni chake na hajui kwamba tuko hapa. Msisikitike! Jumba la kweli halina kuta. Jumba la Kofia ni vichwa vya viongozi wenu, na humu kofia kumi, pamoja na ile aliyoshuka nayo mama, zimetunzwa vizuri, na zile mia nne na mbili zimetunzwa na mashemeji, wala hamna iliyoguswa na nondo hata mmoja! Pama! (Umati: "Rudisha!") Nimesema, Pama! (Umati: "Rudisha!" Mwanamke: "Ile nyeusi ni ya babu, ina jina lake ndani!" Mwingine: "Ya kahawia ni ya baba!" Mstari wa mbele unapanda ngazi.)

Nawashukuru kwa usikivu wenu, na, Waheshimiwa Wajumbe, vaeni! Vaeni upesi, na tangu leo ni marufuku kuvua kofia mbele ya wananchi!