Jua Mlilotuandikia Ruiru Halikuja kwenye Ruracio

Gerishon Njau,
Gatongora, Ruiru.
Jumatatu ya kwanza ya Agosti

Kwa Mhariri wa Vitabu vya Jiografia,

KUH: JUA LA UKURASA WA 41

Mhariri mpendwa,

Pokea salamu kutoka Gatongora, ninakoandika nikiwa na sweta mbili na kofia ya marvin kichwani, miguu karibu na jiko la makaa. Sikujui, nawe hunijui, lakini kitabu chako kimeniharibia ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binti yangu, kwa hivyo naona tumefahamiana vya kutosha.

Binti yangu ni Waruguru. Anafanya kazi Norwe, na kwa miaka sita tumekuwa tukimwona kwenye simu tu. Mwaka jana alituambia amepata mchumba wa hukohuko, Magnus, kijana mpole, mrefu hadi anainama mlangoni. Tukakubaliana aje na wazazi wake Julai wamlipie mahari kama inavyotakiwa. Ili wazee hao wajue wanakokwenda, Waruguru aliwasomea kitabu chako, Ukanda wa Joto: Nchi, Historia na Maisha ya Leo, akiwatafsiria ukurasa baada ya ukurasa. Nao walikishika kama watu wanaokwenda kufanya mtihani. Kutokana na hayo, nalalamika ifuatavyo.

1. Kwenye ramani ya ukurasa wa 41 mmeipaka Ruiru rangi ya machungwa, ileile mliyoipaka Lodwar, Kongo na Brazili. Nimeitazama hiyo ramani kwa miwani na bila miwani. Chini yake mmeandika kwamba mkaaji wa ukanda huu huvaa nguo nyepesi mwaka mzima. Nani huyo? Nitajie mtu mmoja wa Ruiru anayevaa nguo nyepesi mwezi wa Julai, nimwombee. Jirani yangu Selpha alizaliwa Busia, kwenye jua la kweli, na tangu Juni hajavua soksi.

2. Wageni waliwaamini. Mzee Leif, babake Magnus, alishuka garini na kaptura na shati la maua. Mkewe alikuwa na gauni la mikono mifupi na kofia pana ya kukinga jua. Nje kulikuwa na manyunyu na ukungu, ile gathano yetu ya baridi ya kila mwaka ambayo nguo zikianikwa Jumatatu unazivaa mbichi Ijumaa. Walikuwa wamebeba vyandarua vitatu na feni ya mkononi. Sweta hawakuleta hata moja. Waliziacha zote Norwe, ati huku zitawachosha bure.

3. Ukurasa wa 47 unasema adhuhuri watu wetu hupumzika kivulini wakikwepa joto. Saa sita kamili Mzee Leif akauliza, kwa adabu sana, tunapumzikia wapi. Nilimpeleka jikoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na moto. Aliketi hapo katikati ya akina mama waliokuwa wakiponda mukimo, na wazee walipomwita kwenye mazungumzo ya mahari akasema waanze tu, atakuja. Mgeni wa heshima namna hiyo, jikoni! Niliona aibu, na bado naiona.

4. Sasa lile kubwa. Kwetu, siku ya ruracio, upande wa mvulana huja na blanketi la kumfunika mama wa msichana na koti la kumvalisha baba. Mwenye kuvalisha ndiye anayeoa, na mwenye kuvalishwa ndiye anayetoa mtoto. Hata mtoto mdogo wa Gatongora anajua hilo. Mzee Leif alinivalisha koti vizuri, watu wakapiga vigelegele. Lakini alipomaliza nikaona midomo yake imekuwa ya buluu na meno yanagongana. Mimi ni mzazi, Mhariri. Nikavua lile koti, nikamvalisha kwa mikono yangu na kumfunga vifungo vyote. Kuona hivyo, mke wangu Ngendo naye akavua blanketi lake akamfunika mamake Magnus. Hapo ndipo Mzee Ndung'u, msemaji wetu, alipoweka kikombe chini na kusimama.

"Njau," akasema, "kwa mila yetu, leo wewe ndiye uliyeoa."

Wazee walishauriana nyuma ya nyumba wakarudi na jibu hilohilo. Magnus ameolewa Gatongora. Wageni walirudi kwao Jumanne wakiwa wamevaa koti na blanketi, maana ungeanzaje kumvua mgeni? Binti yangu hajulikani ameolewa au ameoa. Akina mama wa mtaa wananiuliza mke wetu mpya atarudi lini kusaidia kupika, na wanamaanisha Magnus. Mambo ya mtoto wangu yamekuwa kichekesho cha dukani, na mimi naumia.

5. Kinachoniudhi zaidi ni sura yenu ya historia. Ukurasa wa 63 mnasema wageni wa zamani walichukua mashamba ya huku kwa sababu hewa yake ilikuwa baridi kama ya kwao. Babu yangu alifukuzwa kwenye shamba lake kwa sababu ya baridi hiyo. Kuchukuliwa mnakukubali, baridi yenyewe mnaikana! Mkitaka kutunyima baridi, basi turudishieni shamba.

6. Waruguru anasema huko Norwe, ndani ya nyumba, watu hukaa na fulana Januari, wanakula ndizi na maembe, na dirishani wana mti wa ndimu. Mimi huku nakula githeri nikiwa nimejifunga shuka. Sasa kati yetu nani anaishi kwenye ukanda wa joto?

Kwa hayo yote naomba Ruiru itolewe kwenye ukanda huo mara moja, na Thika pia, isipokuwa mananasi, ambayo yameshazoea. Nafasi yetu ipewe Norwe. Kisha uje Gatongora mwenyewe, usimame mbele ya Mzee Ndung'u, useme kosa ni lako.

Nisalimie mchoraji wa ramani, wapiga chapa, familia zao, na yeyote aliyeshika ile rangi ya machungwa. Waambie wavae vizuri.

Wako kwa heshima, na kwa kutetemeka,
Gerishon Njau

Tanbihi: Ngendo ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akanifungulia kitabu chako ukurasa wa 42. Mmeandika hapo, kwa herufi ndogo, kwamba nyanda za Ruiru na Thika huwa na baridi Juni hadi Agosti. Ni kweli mmeandika. Waruguru aliuona mstari huo akanipigia kuuliza kama waahirishe. Nilimwambia hiyo ni habari ya zamani, siku hizi Julai ni jua tupu, waje na nguo nyepesi. Alikuwa na likizo ya Julai pekee, na mimi nilikuwa nimechoka kumwona mtoto wangu kwenye simu. Jana wazee waliamua ruracio irudiwe yote, kila mtu akiwepo, na Waruguru amesema likizo yake ijayo ni Julai tena. Kwa hivyo tafadhali msibadilishe chochote kwenye ramani. Ila huo mstari wa ukurasa wa 42, mkiweza, utoeni.