Posa ya Saa Nne Kamili

Jumatatu, 14 Julai

Baridi kali. Saa yangu imepoteza milisekunde arobaini tangu jana. Aibu! Kosa si langu, ni la baridi ya hapa Chapwa. Kristali iliyomo ndani inatakiwa itetemeke mara milioni kumi kwa sekunde, si zaidi, si pungufu. Baridi ya Julai inaivuruga kama inavyovuruga magoti ya shangazi Ketrina.

Nimepima pia umeme wa mtaani. Unatakiwa utetemeke mara hamsini kwa sekunde. Leo ni arobaini na tisa nukta nane saba. Nilimweleza jirani kupitia dirishani. Alifunga dirisha.

Jambo kubwa la wiki: posa yangu ni Jumamosi. Isansa, nyumbani kwa mzee Andongwisye, baba yake Erica, saa nne kamili asubuhi. Mzee ni mstaafu wa reli. Maisha yake yote alisimama stesheni na saa mkononi. Kwingine washenga wakichelewa wanatozwa jogoo, watu wanacheka, wanakaribishwa ndani. Yeye aliwahi kuwarudisha kwao washenga wa dada yake Erica, na yule dada mpaka leo yuko nyumbani anaanika kahawa.

Erica ameniomba kitu kimoja tu: tufike mapema kidogo. Mapema kidogo! Hajui anaongea na nani. Mimi, Clever, fundi simu na redio, ndiye mwenye saa sahihi kuliko zote mkoa wa Songwe. Tutapiga hodi katika sekunde yenyewe. Mzee ataona kwamba binti yake anaolewa na mtu wa maana.

Jioni. Clement wa Mlowo ameweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, Sekunde Sahihi Songwe. Tuko wanne, na mmoja aliingia akidhani tunauza saa za ukutani. Clement amenunua saa ya rubidi, yaani saa ya atomu, kutoka kwenye vyuma chakavu vya mnara wa simu. Hiyo haikosei sekunde moja hata kwa miaka mia tatu. Nimempongeza kwa heshima. Sijala.

Jumanne, 15 Julai

Mabaya juu ya mabaya. Erica amepiga simu kunijulisha kwamba Clement ni binamu yake, na mzee amemteua awe mtunza saa siku ya posa. Yaani ndoa yangu itaamuliwa na rubidi ya Clement! Erica aliuliza kama sioni kwamba ni jambo jema, mtunza saa ni rafiki yangu. Nikamwambia rafiki ni neno zito.

Nahitaji kristali isiyojua baridi. Wenye fedha huifungia kwenye kisanduku cha joto cha kielektroniki. Mimi sina, lakini dada yangu Rozi ana mashine ya kutotolesha vifaranga. Joto lake halipandi wala halishuki. Nimeiingiza kristali katikati ya mayai, nikapitisha waya kwenye tundu la hewa. Rozi yupo sokoni. Sioni sababu ya kumsumbua kwa mambo ya kitaalamu.

Saa sita mchana: kosa limepungua mara kumi! Nimeimba.

Saa tisa: nimesoma mahali kwamba kristali hutulia zaidi joto likifika nyuzi sabini. Nimezungusha kitufe.

Jumatano, 16 Julai

Rozi amefungua mashine. Yalikuwa mayai ya kuku wa kuchi, mbegu ya bei; aliyasubiri wiki mbili, yakaletwa juzi. Alikaa chini akalia. Nilimwonea huruma kweli, ni dada yangu na mtaji wake ndio huo. Kisha nikamenya mayai mawili, la katikati na la pembeni. Yameiva sawasawa kabisa! Huo ni uthibitisho kwamba joto linatawanyika vizuri, na nilimwambia hivyo ili kumfariji.

Rozi amesema Jumamosi haendi popote. Yeye ndiye aliyekuwa abebe kitenge cha mama mkwe. Shangazi Ketrina atakibeba. Nimeirudisha mashine kwenye joto la zamani, kristali nimeiacha humo, kwa kuwa sasa haina wapangaji wengine.

Jumanne nilikuwa nyuma ya Clement. Leo tunalingana, naamini. Lakini kuamini si kupima.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda Mlowo kulinganisha saa. Kristali nimeirudisha ndani ya saa, saa nimeifunga kwenye blanketi, betri chini, na nimeipakata njia nzima. Mama mmoja kwenye basi alisogea anipishe, akauliza ana miezi mingapi.

Clement alinipokea vizuri, chai na viazi vitamu. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya, huwezi kumchukia kwa raha. Rubidi yake iko kwenye kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Inapokea majira ya setilaiti kwa antena iliyo juu ya bati. Nikaomba kuiona antena. Kwa upendo tu wa fani.

Mpango ulikuwa rahisi. Antena ikifunikwa na aluminiamu haioni setilaiti. Rubidi itachanganyikiwa, Clement ataaibika mbele ya mzee, mtunza saa atatafutwa mwingine. Nilipanda na sufuria ya jikoni kwao. Nikaifunika antena, nikashuka, nikaendelea na chai.

Baada ya muda mke wa Clement akaanza kutafuta sufuria ya ugali. Nyumba nzima ikatafuta. Na mimi nilitafuta, hata chini ya kitanda. Ikabidi tule wali wa jana. Clement ndiye aliyeiona mwishowe akiwa uani. Akasema kunguru wa Mlowo siku hizi wana nguvu. Kisha akanieleza taratibu, bila hasira, kwamba rubidi ikishashika majira inaweza kukaa siku nzima bila setilaiti. Haikujua hata kama imefunikwa.

Nimerudi Chapwa na blanketi langu, bila kulinganisha chochote. Mtu akikuonyesha wema wa namna hiyo unajua anakudharau.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya maandalizi. Sitaki mchezo.

Mjomba Samwel ndiye mshenga mkuu na gari ni lake. Shida ya mjomba ni kwamba anauza mchele Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na simu yake inashinda ikinasa mtandao wa Zambia, ambako wako nyuma yetu kwa saa nzima. Nusu ya ugomvi wa Tunduma unatokana na hilo. Watu wanakubaliana saa nane, mmoja anakuja saa nane, mwingine saa tisa, na wote wana ushahidi kwenye simu. Mimi nimezaliwa hapa. Siwezi kupotezwa na jambo la kitoto kiasi hicho.

Kwa hiyo nimekusanya simu na saa zote za msafara nikaziweka kwenye kapu. Ya mjomba, ya shangazi, na yangu itafuata, haki sawa kwa wote. Saa ya kwenye dashibodi nimeibandika plasta. Kesho itasema saa moja tu, ya kwangu. Mjomba aligoma kidogo, akasema, "Mjomba, mimi si mwanafunzi." Nikamkumbusha anayeoa ni nani.

Saa kumi umeme ukakatika! Betri ya akiba nilikuwa nimeisahau kwenye basi la Mlowo. Saa ikazima. Sikutishika. Umeme ulirudi jioni, nikaiwasha upya. Kipokezi changu cha setilaiti, nilichokitoa kwenye lori bovu, hunipa mapigo ya sekunde tu. Saa na dakika naweka mwenyewe kwa mkono. Nikaweka kwa kuangalia simu yangu. Simu ilikuwa inaonyesha ujumbe wa kunikaribisha Zambia, bei za vocha na kadhalika. Nikaufuta, nina kazi.

Kisha nikaingia kwenye sekunde. Nilizirekebisha mpaka mkono ukafa ganzi. Sasa kosa liko chini ya kipande kimoja cha sekunde iliyokatwa vipande milioni, yaani mikrosekunde moja. Moja! Simu nimeizima na kuitumbukiza kapuni. Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika jioni. Nitaandika yote.

Tuliondoka saa moja na nusu kwa saa yangu. Shangazi Ketrina alianza mapema. Akasema jua hili si la saa moja na nusu, ameshalisha kuku na kupika uji kwa raha zake na bado tunaambiwa ni alfajiri. Nikamfafanulia kwamba jua si saa. Jua hukosea mpaka dakika kumi na sita, kutegemea na majira ya mwaka. Akajibu kwamba hata likikosea hizo kumi na sita, leo limekosea zaidi. Nilimsamehe.

Tulifika Isansa saa tatu na robo kwa saa yangu. Mbele ya ua wa mzee palikuwa na watu wamevaa vizuri, wamekaa kwenye viti kivulini, wanatazama barabara. Mjomba akasema anaona wametangulia kutusubiri, tushuke. Nikakataa. Kupiga hodi robo tatu ya saa kabla ya wakati ni kosa sawa na kuchelewa. Nikawaamuru tufunge vioo tusubiri saa nne kamili.

Tukasubiri. Watu walisimama, wakakaa. Mtoto akatumwa kutuchungulia, akarudi kutoa taarifa. Shangazi akasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nikamwambia hatuchelewi, tunasubiri, ni vitu viwili tofauti. Mjomba Samwel alitaka kufungua mlango, nikamshika mkono.

Kisha Erica akatoka. Gauni la kijani. Alikuja mpaka kwenye ua, akainua mkono akatuita. Alikuwa mzuri sana, moyo wangu uliruka, naandika ukweli. Nikamwonyesha kiganja, kwamba asubiri kidogo. Akaita tena. Nikamwonyesha tena, safari hii nikielekeza kwenye saa, aelewe. Alisimama pale kidogo, akashusha mkono, akarudi ndani.

Sekunde ya saa nne kamili, hodi!

Kwa desturi yetu anayeposa hafungui mdomo, hata kuingia haingii. Wanaosema ni washenga. Lakini mzee Andongwisye hakuwauliza washenga kitu. Alimwambia mtunza saa asome. Clement akasoma saa tano kamili. Nikaruka kutoka garini nikiwa na saa yangu kifuani, nikasema kwa sauti kwamba rubidi imeharibika, na nilijua tu kwamba rubidi za chakavu zingetuaibisha.

Clement akaomba aione ya kwangu. Akaziunganisha kwa waya pale pale, juu ya meza ya soda. Akainama. Akasoma namba. Kisha akaninong'oneza kwamba tofauti ni saa moja na sehemu tatu za kumi za mikrosekunde.

Tatu za kumi! Kwa kristali iliyopakatwa njia nzima! Tukakumbatiana. Clement alikuwa na machozi, na mimi pia. Nilimwambia kunguru alikuwa mimi. Akasema alijua.

Tulipogeuka, mjomba Samwel alikuwa amevua kofia. Mzee aliongea polepole. Alisema kwamba treni ikichelewa robo saa anaielewa, na kwa robo saa tuliyochelewa kufika angetutoza jogoo, basi. Lakini treni iliyofika, ikasimama nje ya stesheni robo tatu ya saa milango imefungwa, abiria wanaonekana na mkuu wa stesheni anaipungia, hiyo hajawahi kuiona na haina faini. Akasema mwenye kujibu ni Erica, maana aliyepunga ni yeye. Erica hakutoka. Kitenge kimerudi nasi.

Njiani shangazi alibandua plasta kwenye dashibodi. Niliitazama saa hiyo mpaka Chapwa.

Jumapili, 20 Julai

Erica amepiga. Nilipokea kabla haijaita mara mbili.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema habari ya Zambia ameambiwa, ameielewa, inampata kila mtu Tunduma, kwa hiyo hiyo ameisamehe. Asichoweza kusahau ni kiganja. Alisema alikuwa mbele yangu, mzima, ananiita kwa mkono, na mimi nikaangalia saa. Akauliza: siku akishikwa na uchungu, nitamwonyesha kiganja pia?

Nilisema hapana. Nilitaka kusema na mengine. Akakata simu. Nimeumia sana. Rozi aliniletea chai, na sikustahili.

Jumatano, 23 Julai

Siku tatu mfululizo nimempigia Erica. Jumatatu alisema hana la kusema. Jana alisema nimwache kwanza. Leo ameongea vizuri zaidi. Alisema, "Clever, nipe muda." Nikamuuliza muda kiasi gani, na ni kosa la kiasi gani linaloruhusiwa, kujumlisha au kutoa. Akakata.

Sikukata tamaa, kwa sababu nilikuwa nimeunganisha simu na saa. Jumatatu maongezi yetu yalidumu sekunde nne kamili. Jana, saba nukta sita. Leo, kumi na moja nukta tatu! Clement amekagua hesabu akasema mstari umenyooka. Kwa mwendo huu, ifikapo Krismasi tutakuwa tunaongea dakika tisa na sekunde thelathini na saba kwa siku, na katika muda huo mtu anaweza kuposa mara mbili.

Nimechora grafu. Nimemtumia Erica nakala.