Mkono wa Bibi Arusi Mbele ya Mashine

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba

...na bado sijamaliza habari ya shingo yake anapoinama. Kamaldine akiinama kufunga kamba za viatu, moyo wangu unasimama. Shida ni kwamba tangu harusi haviinamii viatu tena. Anaiinamia mashine.

Mashine ya kutafuta dhahabu. Fimbo ndefu, chini sahani nyeusi, juu kisanduku kinacholia kikisikia chuma. Ilifika kutoka Kindu juma lile lile la harusi yetu. Inalala chini ya kitanda chetu. Anaifuta kwa kitambaa laini nilichopewa na mama. Mimi hajanifuta hata vumbi la mguu.

Leo kuna tumaini. Mzee Yakubu, mnunuzi wa dhahabu, ana chungu ya udongo, lundo kubwa, huko Salamabila, udongo ambao wachimbaji walishauosha zamani. Anataka mashine ya kuupekua. Hapa mtaani zipo mbili: ya Kamaldine na ya Glody, kijana wa ng'ambo ya barabara, mtoto wa katekista. Alhamisi zitapimwa uani kwetu. Itakayoona mbali zaidi, Mzee ataipeleka Salamabila.

Ataipeleka! Aende nayo salama. Mume abaki kwangu. Mashine yetu lazima ishinde.

Jumanne, tarehe 8

Mazoezi. Kupima ni hivi: mashine inalazwa mezani, sahani ikitazama pembeni. Dhahabu inapitishwa mbele yake, hewani, kisha inarudishwa nyuma kidogo kidogo mpaka mlio ukatike. Hapo unapima umbali kwa utepe wa fundi nguo.

Dhahabu hatuna, isipokuwa pete yangu. Na pete haitoki kidoleni. Bi Fatuma, shangazi ya Kamaldine, amekaza: katika ukoo wao bibi arusi havui pete mpaka aende kumsalimia mama yake mzazi, na mama mwenyewe amwoshe ule mkono. Mama yangu yuko Wamaza. Kwa hiyo dhahabu ya kupimia ni mkono wangu mzima.

Kamaldine aliushika kwenye kifundo akausogeza polepole, kama mtu anayebeba yai. Sijui mlio ulikatika wapi. Sikuwa nasikiliza. Niliomba turudie. Tukarudia. Niliomba tena.

Matokeo: urefu wa kiganja, basi. Glody alikuwa anachungulia juu ya ua. Akasema ya kwake inapita shubiri bila kutoa jasho. Kisha akaniita mimi.

"Shemeji, hii mashine ya bwana yako iko na macho ya kuku magharibi."

Kamaldine alicheka kwa adabu. Lakini chai yake hakuimaliza. Nimeumia kwa ajili ya ile chai.

Jumatano, tarehe 9

Nimevumbua! Nilikuwa napita mezani na kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Mashine ikalia nikiwa bado mbali. Nikarudi nyuma. Ikalia. Pete ni kitu kidogo, inaonekana karibu tu. Kifuniko ni kipana, kinaonekana mbali. Shule haikunifundisha hili, na nilimaliza sekondari.

Nimetoa mpira kwenye sketi ya zamani, nimekifunga kifuniko juu ya kifundo cha mkono, ndani ya mkono mrefu wa gauni. Hakionekani. Kinabana tu. Bi Fatuma ameuliza kwa nini natembea kama ninabeba sinia ya wageni. Nimemjibu kwamba ni mapenzi. Hakuuliza tena.

Alhamisi, tarehe 10

Siku kuu. Mzee Yakubu alikaa kitini, mkongojo kati ya magoti, akasema pete yangu inatosha kupimia. Bi Fatuma alisimama kulinda heshima ya pete. Glody alianza. Nilipitisha mkono mtupu, nikaurudisha nyuma. Shubiri na kidogo. Alijipigia makofi peke yake.

Nikaomba ruhusa kuangalia sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Nilirudi nimevaa kifuniko.

Zamu ya Kamaldine. Nilirudi nyuma, mashine ikalia. Nilirudi tena, ikalia. Nilifika kwenye kamba ya nguo, bado inalia. Utepe wa fundi ulikaribia kwisha. Mzee Yakubu alivua kofia. Kamaldine aliitazama mashine, akanitazama mimi, macho yanang'aa. Sijapata kumwona mzuri namna ile, hata siku ya harusi.

Glody akadai nipite mbele ya mashine yake mara ya pili. Jasho likanitoka, maana kifuniko bado nilikuwa nacho! Kwa mashine yake ningefika barabarani. Nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ndogo kwamba bibi arusi hanyoshei mkono mwanamume wa nje mara mbili. Desturi hiyo niliitunga pale pale. Bi Fatuma akaitikia kwamba ni kweli, hata bibi yake aliishika.

Tumeshinda. Kwaheri, mashine.

Ijumaa, tarehe 11

Baada ya swala Mzee Yakubu alipita kumwambia Kamaldine afunge mizigo, pikipiki itaondoka Jumatatu. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikauliza kwa heshima: si alisema ataipeleka mashine?

"Sasa nani ataisikiliza, mama?" akasema. "Mimi? Masikio yangu yamezeeka."

Sikulifikiria hili. Sikulifikiria hata kidogo. Mume wangu anakwenda Salamabila, na ni mimi niliyemfunga juu ya pikipiki kwa mpira wa sketi.

Nimelia kidogo, nikaosha uso, nikatunga mpango. Mashine ishindwe. Nimemwendea Mzee na kumwambia kwamba hewani ni hewani, dhahabu iko udongoni, apime udongoni pia. Alisema mwanamke aliyesoma ni baraka.

Jumamosi, tarehe 12

Walichimba shimo uani, nikapiga magoti, wakafukia mkono wangu mpaka kiwiko. Safari hii bila kifuniko. Udongo ulikuwa wa baridi. Nilimtazama mume wangu akija na fimbo yake, nikajisikia kama nimezikwa kwa awamu.

Mashine ililia kabla haijanifikia. Ililia mlangoni, jikoni, kila mahali. Uani kwetu kuna changarawe nyekundu, na ile changarawe ina chuma chake. Ya Glody ililia hivyo hivyo. Moyoni nilishangilia. Hazifai! Atabaki!

Mzee Yakubu akafikiri sana. Akasema udongo wa hapa una kelele, wa kwake umekwisha kuoshwa, umenyamaza. Hewani aliona kwa macho yake, hilo halifutiki. Lakini kwa kuwa kazi ni ngumu kuliko alivyodhani, atamchukua na Glody, wapokezane. Watu wawili wakipokezana wanaweza kukaa mpaka mvua zirudi.

Awali ilikuwa majuma machache tu.

Hakuna aliyekumbuka kunifukua. Bi Fatuma ndiye aliyenitoa.

Jumapili, tarehe 13

Jioni Kamaldine aliniosha udongo wa kuchani. Akapandisha mkono wa gauni. Alama ya mpira bado ipo, duara jekundu. Aliizungushia kidole.

"Hidaya, ni mashine iliona mbali, ao ni weye?"

Nilimwonyesha kifuniko. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema amekwisha kumpa Mzee neno lake, na neno halirudi. Akifika pale, mashine ikikaa kimya mbele ya wachimbaji wote, atarudi hapa Kasongo kama mtu aliyeuza ubatili. Kisha akaniambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumdanganyia mashine kwa upendo namna hii. Akaniomba niahidi: kifuniko nisikiguse tena.

Nimeahidi. Amenifuta miguu kwa kitambaa cha mama.

Jumatano, tarehe 16

Nyumba ni kubwa mno. Chini ya kitanda hakuna mashine, na hata hiyo naitamani. Dereva wa pikipiki aliyewapeleka amerudi, anasema wamefika salama. Anasema Kamaldine anapita juu ya ile chungu tangu asubuhi, mashine iko kimya, na wachimbaji wamekwisha kumpa jina. Hakutaka kunitajia ni jina gani.

Leo mchana sikulala kitandani nikilia. Nimefanya kazi. Bi Fatuma amekubali niende Wamaza kumsalimia mama, anioshe mkono, pete itoke kwa heshima. Sikumwambia kwamba kutoka Wamaza nitaunganisha mpaka Salamabila. Ahadi yangu naiheshimu: kifuniko nimekiacha jikoni, juu ya kopo lake. Nimepata misumari. Kopo zima, mizuri, ya fundi seremala. Nitaipanda kwenye ile chungu alfajiri, hapa na pale, na mashine ya mume wangu itaimba mbele ya watu wote.

Dereva anarudi huko kesho. Nimempa maneno amfikishie: avumilie, asijibu watu, avae lile shati la buluu. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakuja.