Nusu ya Ukuta wa Clifford Ollerenshaw

Kwa Bwana Karani wa Halmashauri,
Harrowclough, Lancashire.

Bwana Karani mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na chai yako ingali moto. Mimi ni Hilda Entwistle, miaka themanini na minne, wa nyumba namba 25, Mtaa wa Tannery. Nimewaona mafundi wenu wakipigilia kibao cha buluu kwenye namba 23: "Hapa alikulia Clifford Ollerenshaw, mwanamuziki wa roki." Kitazinduliwa Jumamosi. Marehemu alistahili. Ila kibao kimetoa habari nusu, na nusu iliyobaki ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta aliojifunzia gitaa una unene wa tofali moja, na upande wa pili ni sebule yangu. Wasomi wanaandika kwamba kijana alihangaika "peke yake". Peke yake wapi? Nilikuwepo kila jioni, saa kumi na moja hadi saa moja, hata Krismasi.

2. Dunia nzima inasifu lile pigo lake: matatu ya haraka, kimya, kisha moja zito. Lile ni ufagio wangu. Nilikuwa nagonga ukuta mara tatu, nangoja nione kama amesikia, halafu naongeza moja la hasira. Naye akafuatisha. Wamarekani wamelicheza miaka hamsini bila kumjua mwenye ufagio.

3. Ule ukelele wake uliopasua spika ni wa mama yake, Bi Doris, akiwa ngazini: "Clifford! Zima dude hilo, baba'ko kalala, ana zamu ya usiku!"
"Mama, huu ni muziki!"
"Ungekuwa muziki, paka asingehama!"
Paka alihamia kwangu. Hilo nalo kibao hakisemi.

4. Hata safari yake ya London ni kazi yangu. Nilimwambia mlangoni, "Clifford, mdogo wangu, kipaji kama hiki kinataka mji mkubwa, tena wa mbali." Akaondoka wiki ileile. Bila mimi angebaki hapa, na leo mngekuwa mnamkumbuka kama kinyozi wa mtaani tu.

Kwa hiyo naomba kibao kihamishiwe katikati ya milango yetu miwili, jina langu lifuate lake kwa herufi zilezile, na ufagio uwekwe makumbusho ndani ya kioo. Sidai kuitwa mwanzilishi wa roki. "Mpiga ngoma wake wa kwanza" inatosha. Mniwahi Jumamosi hii, maana kwa umri wangu kibao kitakachofuata kitakuwa cha makaburini.

Nisalimie Meya, mafundi, na yule binti wa mapokezi anayeniambia nisubiri kwa sauti tamu.

Wako mwenye subira iliyobaki kidogo,
Hilda Entwistle

Nyongeza: Nasikia siku hiyohiyo mtafungua maonyesho ya nyaraka zenu kuhusu marehemu. Humo kuna barua zangu kumi na moja, za 1962 hadi 1965, nikiomba familia ile ihamishwe. Tafadhali zipotee. Ikishindikana, tundikeni ya saba. Hasira ni ileile, lakini mwandiko ni mzuri.